Mfinyanzi Hulia Gaeni

Hakuna mwalimu wa Kiswahili katika nchi hii ambaye hajapata kuiandika methali hii ubaoni. Wanafunzi huinakili, mwalimu huieleza kwa maneno yale yale aliyoelezwa yeye alipokuwa mwanafunzi, kwamba fundi aghalabu hukikosa kitu kile kile anachowatengenezea wenzake, darasa hucheka kidogo, na somo huendelea na methali inayofuata. Katika miaka yote hiyo sijapata kumsikia mwanafunzi akinyosha mkono na kuuliza swali ambalo ndilo lililopaswa kuulizwa kwanza: vyungu vizima vimekwenda wapi? Mtu aliyefinyanga vyungu ishirini, na vyote ishirini vikatoka vizima motoni, amefikaje kula chakula chake juu ya kipande kilichovunjika? Tumeichukua methali hii kuwa mzaha juu ya uzembe wa mafundi, kumbe ni hesabu ya mapato na matumizi iliyofupishwa katika maneno matatu.

Nia yangu ni kuliuliza swali hilo mahali ambapo lina majibu, yaani katika pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kwa wanawake wa Kikisi wa Ikombe na jirani zao. Nasema mapema, ili msomaji asije akadhani nazunguka, kwamba jibu langu ni hili: mfinyanzi wa Ikombe hunyang'anywa jina lake kabla hajapunjwa fedha zake, na dhuluma ya pili haiwezekani bila ile ya kwanza. Na katika dhuluma hiyo sisi tuliosoma, walimu kwa wanafunzi, tumo.

Asiyeijua nchi hiyo na atazame ramani. Bonde la Kyela ni tambarare yenye mvua nyingi na udongo mzito ulioletwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Humo hustawi mpunga, kakao, migomba na michikichi. Upande wa mashariki tambarare hiyo hukoma ghafla pale Matema, na Milima ya Livingstone huinuka kutoka majini kama ukuta. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 470 juu ya usawa wa bahari, na vilele vilivyo juu yake hupita mita 2,000. Katika ukanda mwembamba ulio baina ya ukuta huo na maji, kuanzia Ikombe kuelekea kusini hadi Lumbila na Lupingu, ndipo wakaapo Wakisi. Ardhi ya kulima kwao ni haba na imeinama. Wanaume ni wavuvi. Wanawake ni wafinyanzi. Kwa vizazi vingi vyungu vilipakiwa mitumbwini, vikapigiwa kasia hadi Matema na vijiji vya Wanyakyusa, na huko vikabadilishwa kwa chakula ambacho mteremko wa Ikombe hauwezi kukizaa. Soko la Jumamosi la Lyulilo, karibu na Matema, ni mtoto wa biashara hiyo.

Kwa hiyo ufinyanzi wa Mkisi si pambo la utamaduni wala kazi ya kupitishia wakati. Ndio shamba lake. Mnyakyusa wa bondeni alivuna mpunga kutoka katika udongo. Mkisi alivuna mpunga huo huo kutoka katika udongo mwingine, kwa mikono yake. Anayekiita kitu hicho "chungu tu" hana budi, kwa hesabu hiyo hiyo, kuliita shamba la mwenzake "matope tu".

Na tuitazame kazi yenyewe, maana wengi wanaoidharau hawajapata kuiona ikifanywa. Udongo huchimbwa, huchambuliwa mawe na mizizi, kisha hukandwa mpaka uwe mlaini na mtiifu. Hakuna gurudumu la kukanyagwa kwa mguu, hakuna mashine. Bonge huwekwa juu ya gae au sahani ya udongo (naam, gae lile lile la methali), na mfinyanzi huizungusha kazi yake kwa mkono huku akiuinua ukuta wa chungu na kuukwangua mpaka uwe mwembamba na sawa pande zote. Usawa huo si urembo. Ukuta ukiwa mnene mahali pamoja na mwembamba mahali pengine, sehemu mbili hizo hazikauki pamoja wala hazipati moto pamoja, na chungu hupasuka kabla hakijafika sokoni. Umbo likishashika, chungu huachwa kinyauke, husuguliwa kwa kokoto mpaka uso wake ulainike na kung'aa, hutiwa rangi na michirizi, huanikwa mpaka maji yote yatoke, ndipo huchomwa pamoja na wenzake katika moto wa wazi. Siku ya kuchoma ni siku ya hukumu: kazi ya majuma inaweza kugeuka magae kwa muda wa saa moja, na hakuna bima.

Vyungu vya Wakisi vilijulikana tangu zamani kwa wembamba wa kuta zake na usawa wa umbo lake. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani aliyekaa katika nchi za Nyasa mwishoni mwa karne ya 19, aliandika habari za watu wa pwani hiyo na kazi zao katika kitabu chake kikubwa kilichotoka mwaka 1906. Mwaka 1977 mtafiti wa Kitanzania, S. A. C. Waane, alichapisha uchunguzi mzima juu ya ufinyanzi wa Wakisi wa Ikombe. Basi asije mtu akasema kwamba kazi hii haikujulikana kwa wasomi. Ilijulikana. Kilichokosekana si ujuzi bali heshima.

Heshima hiyo ingepaswa kuanzia darasani. Mwalimu wa fizikia hufundisha kwamba maji yanapogeuka mvuke huchukua joto kutoka katika kitu kilichoyashika. Mfano wake hasa ni mtungi wa udongo, ambao vinyweleo vyake hupitisha maji kidogo kidogo hadi nje, yakakauka hapo, na yale yaliyobaki ndani yakapoa bila umeme. Mwalimu wa kemia hufundisha kwamba kuna mageuzi yasiyorudi nyuma. Udongo uliopata moto wa kiasi cha nyuzi 600 hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya madini yake, na tangu hapo hata ukiuloweka mwaka mzima hauwi tope tena. Kitako cha mviringo cha chungu, ambacho watu wa mjini hukilaumu kwa sababu hakikai juu ya meza, hakina pembe ambapo joto lingejikusanya na kuanzisha ufa. Haya yote mfinyanzi anayafahamu kwa vidole. Sisi twayafundisha kwa mchoro wa kitabu, na mara nyingi mchoro huo ulichorwa ng'ambo, hali mtungi wenyewe uko nyuma ya darasa ukiwapoza wanafunzi kiu.

Miaka kadhaa iliyopita niliingia katika duka moja la vitu vya sanaa jijini Dar es Salaam. Juu ya rafu, baina ya vinyago na mikufu ya shanga, kilikuwapo chungu ambacho kwa mtu aliyepata kufika Matema hakihitaji utambulisho. Kilikuwa kimebandikwa kikaratasi chenye maneno mawili ya Kiingereza ambayo maana yake ni "chungu cha Kiafrika", na chini yake bei ya kumtisha mtu mwenye mshahara wa ualimu. Nilimwuliza kijana aliyekuwa akiuza, chungu hiki kimetoka wapi?

"Kusini huko, mzee."

Nikamwuliza ni nani aliyekifinyanga. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la kuku aliyetaga yai. Na juu ya kichwa chake, ukutani, zilitundikwa picha za mtindo wa Tingatinga, kila moja ikiwa na sahihi ya mchoraji pembeni.

Hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili si la umaskini wa duka wala ujinga wa kijana. Eduardo Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa miaka michache tu kwa rangi za kupakia mabati na baiskeli, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima unaojulikana duniani. Nafurahi kwamba ndivyo ilivyo. Lakini kwa nini yeye atiaye rangi juu ya ubao awe msanii mwenye jina, na yeye atoaye umbo katika tope, akalitia rangi pia, akalipitisha katika moto, awe "Kusini huko"? Je, ni kwa sababu chungu hupikiwa na picha haipikiwi? Au ni kwa sababu mchoraji aghalabu ni mwanamume na mfinyanzi ni mwanamke wa kijijini? Naacha msomaji achague. Mimi nadhani ni yote mawili.

Desturi hii haikuzaliwa dukani. Ilizaliwa katika madaftari ya wakoloni. Katika makumbusho mengi ya Ulaya vitu vya Afrika viliandikishwa kwa mtindo mmoja: jina la kitu, jina la kabila, mahali kilipotoka, na jina la Mzungu aliyekinunua au aliyekichukua. Jina la aliyenunua limetunzwa kwa miaka mia na zaidi, kwa wino mzuri. Jina la aliyetengeneza halikuulizwa. Neno "kabila" lilitumika kuziba pengo. Mzungu akichora, amechora yeye. Mwafrika akifinyanga, limefinyanga kabila lake. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alipoanzisha wizara ya utamaduni mwaka 1962, alilalamika kwamba tulikuwa tumefundishwa kudharau ngoma zetu na kuzipenda dansi za wageni. Lalamiko hilo lilikuwa la haki. Bahati mbaya wengi wetu tuliusikia mfano tukauacha ujumbe, tukadhani utamaduni ni ngoma basi, hasa ngoma ya kumpokelea mgeni rasmi. Kazi ya mikono tuliiachia daftari lile lile la zamani, tukabadilisha lugha tu.

Watu wa Kyela wanapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine wote, kwa sababu limewapata katika chakula. Ni nani asiyeujua mchele wa Kyela? Harufu yake huujulisha kabla sufuria haijafunuliwa. Na ni nani, katika masoko ya miji yetu, ambaye hajapata kuuziwa "mchele wa Kyela" ambao haukupata kuliona bonde la Kyela hata kwa mbali? Mkulima wa Kyela hukasirika, na hasira yake ni halali: mwingine anakula jina alilolijenga yeye. Basi na atazame upande wa Ikombe. Mchele wake huibiwa jina kwa kupewa mchele mwingine. Chungu cha jirani yake huibiwa jina kwa kunyimwa kabisa. Ni mwizi mmoja, ila aliingia kwa milango miwili. Mbona mkulima anapolia tunamsikia, na mfinyanzi tunamwambia kwamba kazi yake ni ya jadi na jadi haina mwenyewe?

Hoja hiyo ya jadi ndiyo ngao ya wapinzani wangu, nami sitaipita kando. Wasema hivi: sanaa ya jadi ni mali ya jamaa nzima, bibi alimfundisha mama, mama akamfundisha binti, anayetaka kutia jina lake juu ya chungu analeta ubinafsi wa kibepari mahali palipokuwa na udugu. Maneno hayo ni matamu, na yanasemwa na watu wenye nia njema. Lakini tuyachunguze. Kwanza, elimu ya kufinyanga ni ya jamaa, naam, kama vile lugha ilivyo ya jamaa. Wala hakuna aliyepata kusema kwamba Shaaban Robert alikuwa bepari kwa sababu aliandika jina lake juu ya mashairi aliyoyatunga kwa lugha ya watu wote. Pili, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipinga mtu kula jasho la mwenziwe. Halikusema popote kwamba mwenye jasho asijulikane. Tatu, na hili ndilo kubwa, tuulize ni nani anayefaidika na kutokujulikana huko. Je, ni jamaa ya Wakisi? Kama chungu kingeuzwa Dar es Salaam kwa bei kubwa na faida ikarudi Ikombe kujenga zahanati, ningeikunja kalamu yangu sasa hivi. Lakini udugu huo hukoma pwani ya Matema. Chungu kikishapanda gari, jina likiwa limebaki nyuma, kila mkono unaokipokea huongeza bei kwa niaba yake wenyewe. Ujamaa umetakiwa kwa mfinyanzi peke yake.

Nisimwonee mchuuzi. Kusafirisha vyungu zaidi ya kilomita 900 kutoka Kyela hadi Dar es Salaam, katika nyasi na magunia, na kuhesabu vilivyovunjika njiani, ni kazi, na kazi hulipwa. Kosa si kwamba yupo. Kosa ni kwamba chungu kisicho na jina humfanya yeye kuwa mlango pekee. Mnunuzi aliyependezwa hawezi kuagiza kingine kwa mkono ule ule. Hajui amwagize nani. Mfinyanzi hodari na mfinyanzi mlipuaji hupata bei moja, kwa kuwa sokoni wote ni "Wakisi". Na pale ambapo uhodari haulipwi zaidi ya ulipuaji, binti mwenye akili atafanya nini? Ataacha. Halafu sisi tutaandika makala ya kusikitika kwamba vijana wanaipa mgongo jadi yao.

Wapo pia wanaosema kwamba alama ya fundi ni mambo ya kigeni, na jadi haipaswi kuguswa. Hao ningewaonyesha picha za zamani za Wanyakyusa, ambazo ndani yake wanaume kwa wanawake wamevaa pete za shaba ya njano kiunoni, zikimeta juu ya ngozi iliyopakwa mafuta. Ni vito vya kupendeza kweli, na mzee yeyote wa siku zile angekuambia kwamba ni vya jadi. Lakini shaba hiyo haikuchimbwa Rungwe wala Kyela. Ililetwa na wafanyabiashara. Chuma cha mikuki na majembe nacho kilitoka kwa wahunzi wa Kikinga wa milimani. Wanyakyusa walipokea madini ya wengine wakayapa maana yao wenyewe, na jadi ikawa. Leo pete hizo ziko wapi? Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika katika nchi hiyo mwaka 1891. Pamoja na mahubiri ikaja haya mpya juu ya mwili, pamoja na haya hiyo zikaja nguo za dukani, na pete zikavuliwa. Anayetaka kuziona sasa hana budi kutafuta picha au kabati la makumbusho. Jadi iliyoambiwa isiguswe haikukaa salama, ilivuliwa tu.

Yapo mataifa yaliyopitia njia hiyo hiyo na vito vyao vikabaki mwilini, tena vikiwa na jina. Mfano ninaoujua ni Wazuni, watu wachache wa asili ya Marekani wanaokaa katika jimbo la New Mexico. Wazee wao walichonga feruzi na makombe ya baharini karne nyingi kabla Mhispania wa kwanza hajakanyaga nchi yao. Ufuaji wa fedha, kinyume cha hayo, walijifunza juzi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 mhunzi wa Kinavaho aliyeitwa Atsidi Chon alimfundisha Mzuni aliyeitwa Lanyade, naye akawafundisha wenzake. Na tazama, msomaji: mwalimu ana jina, na mwanafunzi ana jina. Baadaye Wazuni waliiunganisha elimu ya fedha na elimu yao ya kale ya mawe. Feruzi ya buluu, marijani nyekundu, kombe jeupe na jiwe jeusi hukatwa vipande vidogo, kingo zikasagwa mpaka zikutane bila nafasi, vipande vikalazwa katika vijumba vya fedha, kisha uso wote ukasuguliwa uwe kitu kimoja. Kazi hiyo, ambayo haijatimiza hata miaka 200, ndiyo inayoitwa jadi ya Wazuni ulimwenguni pote, na hakuna anayewaambia kwamba wameiharibu kwa kuikuza.

Biashara ilipokua waigaji walijitokeza, kwani penye asali hapakosi nyuki wala nzi. Vito vya bandia vilitengenezwa viwandani na nchi za mbali vikauzwa kwa jina la watu wa asili. Marekani ilitunga sheria mwaka 1935 na kuunda bodi ya kusimamia sanaa na kazi za mikono za watu hao. Mwaka 1990 sheria ikakazwa, hata mtu auzaye kitu cha bandia kwa jina lao aweza, kwa kosa la kwanza tu, kutozwa faini ya hadi dola 250,000 au kufungwa hadi miaka mitano, au yote mawili. Si tishio la makaratasi. Mwaka 2018 mfanyabiashara mmoja wa Albuquerque alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuuza vito vilivyotengenezwa Ufilipino kana kwamba ni kazi ya mafundi wa asili. Sisemi kwamba Wazuni wameokoka. Bandia zingali zikiuzwa, na vito vyao vingi vya nusu ya kwanza ya karne ya 20 havikutiwa alama yoyote, hata leo wajuzi hubishana juu ya mkono uliovifanya huku fedha zikienda kwa aliyenavyo. Lakini hilo la mwisho ndilo hasa la kututia hofu sisi. Wao walichelewa, wakapoteza majina ya kizazi kizima cha mafundi. Sisi hata hatujaanza kuchelewa, tumelala.

Mtu atasema, tunayo sheria. Ni kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu ulinzi wa sanaa za jadi. Ni hatua, nami naishukuru. Hata hivyo sheria ya namna hiyo huitazama jadi kama mali ya jumuiya, na kwa hiyo humlinda Mkisi dhidi ya mgeni zaidi kuliko inavyomtambulisha mfinyanzi huyu kwa mnunuzi yule. Tena sheria yoyote hukitafuta kitu cha kushika. Mahakama itashika nini juu ya chungu kisichosema kimetoka wapi? Hata hakimu mwenye huruma atauliza swali nililomwuliza kijana wa dukani, naye atajibiwa vile vile.

Basi alama na itiwe. Sizungumzii mhuri wa serikali wala karatasi ya kubandua. Udongo ungali mbichi, kitakoni, mfinyanzi hukata alama yake kwa ncha ya kijiti: herufi mbili za jina kwa anayeandika, mchoro mdogo wowote kwa asiyeandika, na kando yake neno Ikombe. Kazi hiyo haichukui dakika moja, haigharimu senti, na ikishapita motoni haifutiki ila kwa kuvunja chungu. Maduka yanayouza vyungu yadaiwe kuandika mambo matatu katika kikaratasi chao: jina, kijiji, na kwamba ni ufinyanzi wa Wakisi. Makumbusho yetu wenyewe yaanze kuuliza majina kwa kila kitu kinachoingia leo, maana ya jana hatuwezi kuyarudisha.

Nimepata kulizungumza hili na mama mmoja mfinyanzi, naye hakulipokea kwa vigelegele. Alisikiliza mpaka mwisho, akageuza chungu alichokuwa akikisugua, kisha akasema, "Mwanangu, jina likiandikwa, ushuru nao utajua pa kunipata." Nilitaka kucheka, nikaona si la kucheka. Katika maisha yake jina lake limeandikwa na wakubwa kwa sababu moja tu, nayo ni ya kutoa. Hofu hiyo haiondolewi kwa hotuba ya mtu kama mimi. Itaondoka siku atakapoona kwamba alama ya jirani yake imemletea barua ya kuagiza vyungu kumi kwa bei aliyoitaja mwenyewe. Na kama wafinyanzi wakikaa wakaamua kwamba wataka alama moja ya kijiji badala ya alama ya kila mtu, hayo ni yao kuyaamua, si yangu wala ya afisa yeyote; wao ndio wenye udongo.

Kwa upande wetu walimu, liko jambo lisilohitaji kungoja sheria wala mkutano. Shule za Kyela na Mbeya zinavyo vyungu na mitungi ya Wakisi. Elimu ya Kujitegemea, ile ya mwaka 1967, ilitaka shule isiwe kisiwa katikati ya jamii yake. Basi darasa moja na liende Lyulilo siku ya Jumamosi, likiwa na daftari badala ya kamera. Wanafunzi wasiende kutazama tu. Waende kununua mtungi wa shule kwa bei ya haki, na kabla ya kuubeba mmoja wao apige goti kidogo, kama anavyofundishwa nyumbani, aamkie, "Shikamoo, mama," na akiitikiwa aulize, "Mtungi huu ni mkono wa nani?" Kisha aandike atakaloambiwa, herufi kwa herufi, na wakifika shuleni waliandike jina hilo juu ya mtungi kwa rangi isiyofutika, mahali ambapo kila anayechota maji ataliona.